Nimetolewa mafindofindo, sasa naongea king'ong'o: sauti yangu itarudi?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, naishi Likoni, naimba taarab kwenye maharusi na ndo riziki yangu. Siku 16 zilizopita nilitolewa mafindofindo manake mwaka mzima koo lilikuwa halinipi nafasi, nimemeza antibayotiki mpaka nimechoka. Maumivu sa hizi yamepungua lakini sauti si yangu, imekuwa nyembamba na inatokea puani, na mara mbili nimekunywa maji yakanitoka puani. Shangazi yangu anasema wamenikata kilimi pamoja na uzi wa sauti. Nimeambiwa ninong'one tu nisiongee, na nisukutue kwa ndimu na chumvi asubuhi na jioni. Nina harusi baada ya wiki tatu na advansi nishaila. Sauti yangu itarudi? Na lini nitaweza kula embe la pilipili?"

Marahaba binti yangu. Nianze na hapo roho inapokuuma: hakuna uzi wa sauti uliokatwa. Najua shangazi anasema kwa mapenzi, na mashangazi wa huku kwetu wakishasema kitu hata daktari anatakiwa akae kimya, lakini hapa amechanganya vitu vitatu ambavyo viko mahali tofauti kabisa.

Chukua kioo na tochi ya simu, fungua mdomo useme aaa. Kile kinyama kinachoning'inia katikati ndo kilimi. Kila upande wa kilimi utaona kuta mbili nyembamba za nyama, moja mbele moja nyuma, na katikati yake pana shimo. Kama ushawahi kuingia zile nyumba za kale za Mji wa Kale ukaona vidaka ukutani, basi ndo hivyo, findo lilikuwa limekaa ndani ya kidaka chake, moja kulia moja kushoto, na daktari amelitoa amekiacha kidaka kitupu. Nyuzi za sauti ziko chini zaidi, ndani ya kongomeo, pale ambapo ukishika shingo ukimeza unahisi kitu kinapanda na kushuka. Upasuaji wa mafindofindo haufiki huko.

Na kilimi chako ukikiona kipo kwenye kioo basi habari imekwisha. Hii ya kilimi inatoka mbali, manake pwani yetu na sehemu nyingi za Afrika Mashariki watoto walikuwa wakikatwa kilimi na mafundi wa kienyeji kwa ajili ya kikohozi ama kutapika, na wengine bado wanakatwa, kwa wembe ambao hujui umetoka wapi, na mtoto anaweza kutoka damu nyingi au kupata pepopunda. Kwa hiyo mtu mzima akisikia "kakatwa koo" anaenda moja kwa moja huko. Si upasuaji mmoja. Ila niulizie kwenu kitu kimoja: wewe mwenyewe ulikatwa kilimi ulipokuwa mdogo? Jibu lake lina maana, nitarudi hapo.

Sasa sauti. Wewe ni mtu wa taarab kwa hiyo nitakuambia kwa udi. Udi una nyuzi na una tumbo. Nyuzi zikipigwa ndo zinatoa noti, lakini ule utamu unaousikia umetengenezwa na tumbo. Nyuzi zako za sauti kwa mwanamke zinagongana kama mara 200 kwa sekunde ukiwa unaongea kawaida, na ukiimba juu zinaenda zaidi ya hapo, lakini mlio wake peke yake ni kama nyuki tu, hauna uzuri wowote. Koo, mdomo na pua ndo tumbo la udi. Miaka yote hiyo wewe ulikuwa na vitambaa viwili vimeshindiliwa tumboni mwa udi, ndo maana watu wenye mafindofindo makubwa wanaongea kama mtu ana kipande cha muhogo wa moto mdomoni. Sasa vitambaa vimetolewa. Noti ni ile ile, na waliopima sauti za watu kwa mashine kabla na baada ya upasuaji huu kwa kawaida hawaoni mabadiliko ya maana kwenye kimo cha sauti, kinachobadilika kidogo ni rangi yake. Waimbaji wengi baadaye wananiambia sauti imefunguka. Lakini wewe uko siku ya 16, tumbo la udi bado ni kidonda, limevimba na linavuta, usilihukumu sa hizi.

Huo wembamba basi nauelewa, na ndo jambo dogo kuliko yote. Hii ya puani ndo inataka maelezo.

Nyuma ya mdomo juu kuna kaakaa laini, kilimi kinaning'inia kutoka hapo. Hiyo kaakaa ni mlango. Ukimeza, au ukitamka p, b, k, s, inapanda juu inafunga njia ya pua, ukitamka m, n, ng' inashuka inaacha hewa ipite puani. Zile kuta mbili nilizokuonyesha kwenye kioo ndani yake mna misuli, na misuli hiyo imeshikana na kaakaa. Daktari amefanya kazi juu yake, pengine ametumia moto kuziba mishipa ya damu, sasa kuta zimekaza na zinauma, na mwili ukiona kitu kinauma haukisogezi. Kwa hiyo mlango unafungwa nusu. Hewa inaponyoka puani ukiongea, unasikika king'ong'o, na siku ukinywa maji kwa haraka yanafuata njia hiyo hiyo. Wiki za mwanzo haya ni mambo ya kawaida na kwa watu wengi sana yanaondoka yenyewe ndani ya wiki chache, kidonda kinavyolainika. Mara mbili tu kwa siku 16, na kama haijatokea tena siku za karibuni, mimi sina wasiwasi.

Kuna jaribio la nyumbani ambalo nawafanyisha wagonjwa wangu. Sema hivi: "Kaka yake kapika kababu." Hiyo sentensi haina m wala n, hewa haitakiwi kupita puani hata kidogo. Iseme mara ya kwanza kawaida, mara ya pili umebana pua kwa vidole. Kama inasikika sawa sawa mara zote mbili basi mlango wako unafunga. Kama ukibana pua sauti inabadilika, inakuwa kama imezibwa, basi kuna hewa inatoroka. (Usijaribu na "mama namuona mwana", hiyo lazima ibadilike, usije ukanipigia simu unalia.) Fanya mara moja kwa wiki, siku ile ile, uandike. Ukiifanya kila saa utajitia wazimu bure.

Sasa narudi kwa kilimi. Wachache ambao king'ong'o hakiwaondoki mara nyingi walikuwa na tatizo la kaakaa tangu mwanzo na mafindofindo yalikuwa yanasaidia kuziba pengo, au walitolewa na zile nyama za nyuma ya pua kwa wakati mmoja. Angalia kwenye kioo, kilimi chako kina ncha moja ama kimepasuka mbili kama ulimi wa nyoka? Kikiwa kimepasuka, inaweza kuwa dalili kwamba misuli ya kaakaa haikuungana vizuri tumboni mwa mama hata kama ngozi ya juu inaonekana nzima. Na kama ulikatwa kilimi utotoni napo daktari wako anatakiwa ajue, kovu la hapo linaweza kukaza kaakaa. Sikutishi, nakuambia ili ukienda kliniki useme.

Jambo jingine ambalo watu hawaambiwi, au wanaambiwa wakiwa washaanza kulewa dawa ya usingizi. Thieta ulilazwa ukawekewa mpira wa kupumulia, na ule mpira ndo kitu pekee siku ile kilichopita katikati ya nyuzi zako za sauti. Haukati kitu, ila unaweza kuzikwaruza au kuziacha zimevimba, mtu anaamka amepwewa na sauti siku mbili tatu, wengine wiki. Mara chache sana panaota kinyama pale mpira ulipokuwa unasugua, au kiungo kidogo cha kongomeo kinateguka. Kwa hiyo naomba utofautishe, manake dawa zake si moja: king'ong'o ni mambo ya kaakaa, kupwewa, yaani sauti kukwaruza, kukatika katikati ya neno ama kutoka pumzi tupu, ni mambo ya nyuzi. Wewe hujaniambia umepwewa, umesema nyembamba na ya puani, na hiyo kwangu ni habari nzuri.

Kunong'ona acha leo hii. Watu wengi wanadhani mnong'ono ni kupumzisha sauti, kumbe mtu akinong'ona kwa nguvu ili asikike anakaza kongomeo lote na koo linakauka. Ongea kwa sauti yako ya kawaida ya chini, ya kuongea na mtu aliyekaa karibu nawe kwenye kochi, maneno yawe machache, na usipayukie mtu ghorofani wala usishindane na matatu ya muziki. Tena kuongea na kutafuna ndo mazoezi ya zile kuta, mtu aliyenyamaza wiki tatu akinywa uji tu misuli inakaza zaidi na maumivu yanachelewa kwisha.

Na ndimu pia iache. Asidi juu ya kidonda kibichi inaunguza na haisafishi chochote, na kusukutua kwa nguvu siku za kwanza kunaweza kubandua ule utando mweupe unaofunika kidonda kabla ya wakati wake. Maji tu, kunywa kidogo kidogo siku nzima, na kwa joto hili letu la kaskazi unapoteza maji mengi kwa jasho bila kujua, nyuzi za sauti zinapenda mwili wenye maji. Madafu sawa, mtindi baridi sawa. Asali haina ubaya, inatuliza koo, ila tusidanganyane kwamba inalainisha nyuzi za sauti: kitu chochote unachomeza kinapita nyuma kwenye njia ya chakula, kikigusa nyuzi za sauti unapaliwa unakohoa mpaka machozi yanatoka. Na kama una wenzio wa shisha ama muguka kwenye bendi, kaa nao mbali mwezi huu.

Kabla sijafika kwa harusi, kitu kimoja kuhusu masikio yako. Mtu hajisikii vile wengine wanavyomsikia, sauti yako unaipata nusu kwa hewa na nusu kupitia mifupa ya kichwa, na ukibadilisha koo hata kidogo wewe ndo wa kwanza kusema "huyu si mimi". Tafuta sauti ulizotuma WhatsApp miezi mitatu nyuma kabla hujapasuliwa. Rekodi leo maneno yale yale, simu ile ile, mpe mtu ambaye hajui ni ipi ya zamani akuambie. Nina mgonjwa alifanya hivi akaniambia dada yake amechagua ya sasa kuwa ndo ya zamani, manake ile ya zamani ilisikika ya mtu mgonjwa. Ziweke hizo rekodi, ukihitaji kuja kliniki zinanisaidia kuliko maelezo ya nusu saa.

Haya, harusi. Leo siku ya 16, harusi itakuwa karibu siku ya 37, yaani wiki ya tano imekwisha. Mimi waimbaji huwa nawapa wiki nne mpaka sita kabla ya kurudi jukwaani, kwa hiyo uko ndani ya mstari lakini kwa ukingoni. Kujitoa kabisa ndo salama zaidi ila najua advansi ishakuwa unga na kodi ya nyumba. Kuimba usiku mzima kama zamani hapana, hilo nakukataza waziwazi, si kwa sababu kidonda kitapasuka wiki ya tano bali kwa sababu mtu ambaye kaakaa haifungi vizuri hujaribu kufidia kwa kusukuma na kongomeo, anajifunza tabia mbaya ya kuimba, na hiyo tabia inabaki hata kidonda kikishapona, na hapo ndo nyuzi zinaanza kuota sugu. Mimi ningekushauri njia ya katikati: ongea na mkuu wa kikundi sa hizi, si siku ya harusi, uimbe nyimbo mbili ama tatu, mwenzako achukue zilizobaki, washushe ufunguo kidogo, maiki iwe karibu na mdomo, zile sehemu za juu waitikiaji wazibebe. Watu wa harusini wanatunza pesa wanacheza, hakuna atakayehesabu.

Kujitayarisha, ukifika wiki ya tatu kamili na humezi kwa maumivu tena, chukua mrija, uweke kwenye gilasi ya maji kina cha vidole viwili, toa sauti ya uuu kupitia mrija maji yatoe mapovu. Dakika tatu nne, mara tatu kwa siku. Panda na ushuke taratibu kama king'ora. Faida yake ni kwamba pumzi inarudi nyuma kidogo inazifanya nyuzi zigongane kwa upole, na kaakaa lazima ipande ndo mapovu yatoke, kama haipandi hewa inakimbilia puani na utajua papo hapo. Wiki ya nne anza nyimbo zako za chini, dakika kumi, pumzika. Ikiuma simama siku hiyo. Ukifika siku tano kabla ya harusi na kababu bado inabadilika ukibana pua, au sauti inachoka kwa wimbo mmoja, usiende jukwaani, rudisha hata nusu ya ile advansi.

Lini uende kuonwa. King'ong'o kikibaki bila kupungua kufika wiki ya sita, au maji na chakula vikizidi kutoka puani, rudi kwa daktari aliyekupasua, na uulizie mtaalamu wa matamshi, kuna mazoezi ya kaakaa. Upasuaji wa kurekebisha kaakaa haufikiriwi mapema, tunasubiri miezi sita na zaidi manake wengi wanapona katikati ya hapo. Kupwewa na sauti kukifika wiki ya nne, au mapema zaidi ukihisi sauti haina nguvu kabisa, unapaliwa na maji, ama unapumua kwa mlio, omba kamera ya koo. Ni mrija mwembamba unapita puani ukiwa macho umepuliziwa dawa ya ganzi, dakika chache tu, haiumi kama watu wanavyosimulia. Wewe kwa kuwa sauti ndo kazi yako, mimi nisingesubiri zaidi ya hapo.

Damu nitaigusa kwa haraka kwa ajili ya wengine watakaosoma, manake wewe hatari kubwa imeshapita. Damu inatoka ama saa 24 za kwanza, ama siku ya tano hadi ya kumi utando mweupe unapobanduka, na wachache hata karibu wiki mbili. Ule utando si usaha, ni gamba la kidonda, unanuka na ni kawaida, na sikio kuuma pia ni kawaida kwa sababu koo na sikio wanatumia mshipa mmoja wa fahamu. Lakini damu mbichi nyekundu ikitoka hata ikasimama yenyewe, kaa wima, teme usimeze, twende hospitali usiku huo huo. Na nyinyi wa Likoni nawaambia kila siku, usipange kwamba utavuka feri saa nane za usiku peke yako na damu mdomoni, anzia hospitali ya upande wako na wao watakupeleka kwa ambulensi. Aspirini usimeze, paracetamol ndo ya kuanzia. Na mtoto mdogo akitolewa mafindofindo msimpe dawa ya maumivu ya kodini iliyobaki ya mtu mzima, inaweza kumzuia kupumua usingizini, Marekani walishaiwekea onyo kali tangu 2013.

Wengine pia wanalalamika chakula kina ladha ya chuma. Hiyo ni ulimi ulibanwa na kile chuma cha kufungulia mdomo thieta, au kamshipa ka ladha kako karibu sana na kile kidaka. Inarudi, japo inaweza kuchukua wiki hata miezi.

Na wala usijilaumu kwamba ungejua usingetolewa. Kipimo tunachotumia wengi ni koo kuugua mara saba kwa mwaka mmoja, au mara tano kila mwaka kwa miaka miwili, au tatu kila mwaka kwa miaka mitatu, na kwa ulivyoniandikia naona ulikuwa umefika. Kila homa ya koo ilikuwa inakunyima wiki ya kuimba.

Embe la pilipili: wiki ya nne jaribu embe bivu kwanza, tupu, bila chumvi. Likipita bila kuchoma, wiki ya tano onja lile bichi. Pilipili ya kule ufukweni Mama Ngina iache mpaka harusi ipite, na si kwa sababu ya kidonda, kidonda kitakuwa kimepona. Usiku ukila pilipili ukalala, asidi inapanda kutoka tumboni mpaka kwenye kongomeo, halafu asubuhi unaamka umepwewa unasema ni mafindofindo.